Kuingia pangoni peke yako au na wenzako: kipi salama?

Wasikilizaji wetu wengi wanaishi jirani na mapango. Ukanda wa pwani na visiwa vya Unguja na Pemba vina mapango ya mawe ya chokaa na matumbawe. Ukipanda bara, kwenye milima iliyowahi kutoa volkano kama Suswa na Chyulu nchini Kenya, kuna mapango marefu yaliyoachwa na uji wa moto uliopita chini huku juu ukiganda kuwa mwamba. Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, una mapango ambayo hata ndovu huingia usiku kutafuta chumvi kwenye kuta zake.

Na watu huingia. Mchungaji humfuata mbuzi aliyekimbia mvua. Vijana huenda kuwinda popo au kutafuta asali. Wengine huchota maji, wengine huchimba mbolea ya popo, wengine huenda kutambika. Wapo pia wanaoamini kwamba Wajerumani waliacha mali huko ndani, na wapo wanaotaka tu kuona pango linaishia wapi.

Swali la makala hii ni moja. Je, ni salama zaidi kuingia peke yako au na wenzako? Wengi watajibu haraka kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya jibu. Kuna hatari ambazo wenzako watakuokoa nazo, na kuna hatari ambazo mtaangamia nazo pamoja. Ukizijua zote mbili, utajua pia kwamba mtu muhimu kuliko wote katika safari ya pangoni ni yule ambaye haingii.

Giza la pangoni si giza la usiku

Anayeishi kijijini amezoea giza. Hata usiku usio na mwezi zipo nyota, upo moto wa jirani kwa mbali, na macho yakizoea huona njia. Pangoni, ukishapita kona ya pili au ya tatu, hakuna mwanga wowote. Macho hayazoei hata ukikaa saa nzima, kwa sababu hakuna mwanga wa kuyasaidia. Mkono ulio mbele ya uso wako huuoni.

Hapo ndipo jambo dogo hugeuka kubwa. Tochi ikikuzimikia barabarani usiku, utatembea polepole na utafika. Ikikuzimikia pangoni ukiwa peke yako, huwezi kupiga hatua bila kuhatarisha maisha, kwa sababu hujui kama mbele yako ni sakafu au ni shimo. Ukiteguka kifundo cha mguu shambani, utaita na mpita njia atasikia. Pangoni sauti hugonga kuta na kupotea kwenye kona, na aliye nje hasikii kitu.

Kuna pia suala la njia. Njia uliyoingilia haifanani na njia ya kutokea, kwa sababu sasa unaitazama kutoka upande wa pili. Mahali ulipoona uwazi mmoja wakati wa kuingia, unaporudi unaona mitatu. Mtu aliye peke yake akishaanza kubahatisha, kila kona anayochagua vibaya humpeleka mbali zaidi na hummalizia betri.

Chukua mfano wa Mapango ya Amboni, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji wa Tanga. Waongozaji wa pale husimulia habari za Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wasionekane tena, mpaka mbwa akaja kupatikana amekufa kule Kilimanjaro. Wengine husema njia zake zinatokea Mombasa. Wataalamu wa Ujerumani na Uturuki walioyapima mwaka 1994 walikuta mapango kumi yaliyotengana, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Njia ya Kilimanjaro haipo. Lakini mita 900 za giza, zenye kona na matawi, zinatosha kumpoteza mtu. Pango halihitaji kufika Mombasa ili liue. Ndiyo maana wageni wa Amboni huingia na mwongozaji, tena katika pango moja tu.

Jiwe lisilofika debe la mahindi

Kisa kinachojulikana zaidi cha mtu aliyeingia pangoni peke yake ni cha Mmarekani Floyd Collins, na kinatuhusu sisi watu wa redio kwa sababu kilikuwa miongoni mwa habari za kwanza kubwa kufuatiliwa na umma kwa redio, chombo kilichokuwa bado kichanga.

Collins hakuwa mgeni wa mapango. Alikulia katika jimbo la Kentucky, eneo lenye mapango mengi, na mwaka 1917 alikuwa amegundua pango zuri ambalo familia yake ililifungulia watalii. Alikuwa akitafuta jingine lililo karibu zaidi na barabara. Tarehe 30 Januari 1925 aliingia peke yake katika pango jembamba liitwalo Sand Cave. Alipokuwa akijisukuma kurudi nje mahali penye nafasi finyu, taa ilizimika, na mguu wake ukalegeza jiwe likaangukia kifundo chake. Mikono yake ilikuwa imebanwa ubavuni. Hakuweza kulifikia jiwe hilo.

Baadaye jiwe lilipopimwa lilikuwa na uzito wa kilo 12 hivi, pungufu ya debe la mahindi. Ardhi juu yake haikufika hata mita 20. Lakini alilala usiku kucha kwenye matope na maji baridi, gizani, bila mtu yeyote kujua. Siku ya pili majirani walishtuka kuona hajarudi, wakaja, wakamkuta hai. Walimpelekea chakula na nguo za kumtia joto, na mwandishi mmoja wa gazeti alitambaa hadi alipo zaidi ya mara moja kuzungumza naye na kujaribu kumtoa. Tarehe 4 Februari njia hiyo iliporomoka na kuwafungia waokoaji nje. Walichimba shimo jipya kutoka juu, na walipomfikia tarehe 16 Februari alikuwa ameshafariki.

Je, mwenzake angemwokoa? Si lazima. Waokoaji wengi walimfikia na jiwe likawashinda. Lakini usiku ule wa kwanza, alipokuwa bado na nguvu, kabla baridi haijamwingia na kabla watu kuingia na kutoka hakujailegeza njia, ulipita bila kazi yoyote. Katika ajali ya pangoni saa za mwanzo ndizo zenye thamani, na mtu aliye peke yake hupoteza hizo kwanza.

Kwa nini watu husema wanne

Watu wanaoingia mapangoni kama mchezo au kwa utafiti wana kanuni inayojulikana karibu duniani kote: idadi nzuri ni watu wanne au zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, na wawili wanatoka kutafuta msaada.

Anayebaki ana kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Majeruhi aliyelala kwenye mwamba wenye unyevu hupoteza joto la mwili, hata katika nchi zetu za joto. Akiachwa peke yake anaweza kuchanganyikiwa, akajaribu kutambaa gizani na kuanguka tena. Mwenzake humfunika, humkalisha juu ya begi au nguo ili asiguse mwamba, humsemesha, na humzuia asiende popote. Wanaotoka nao huwa wawili kwa sababu mtu mwenye haraka na hofu ndiye anayeteleza. Wawili hukumbushana njia, na mmoja akiumia bado yupo wa kufikisha habari.

Kanuni hii ilionekana ikifanya kazi mwaka 2014 katika pango la Riesending, kwenye milima ya kusini mwa Ujerumani karibu na mpaka wa Austria. Mtafiti Johann Westhauser alikuwa ndani na wenzake wawili, chini sana, kiasi cha mita 1,000 kutoka usawa wa mdomo wa pango. Tarehe 8 Juni mawe yalianguka na kumjeruhi kichwani vibaya. Mwenzake mmoja alibaki naye. Wa pili alipanda peke yake kwa zaidi ya saa kumi mpaka akatoka nje na kutoa taarifa. Mamia ya waokoaji kutoka nchi kadhaa walishiriki, na tarehe 19 Juni majeruhi alifikishwa juu akiwa hai.

Hebu tuitoe hesabu hiyo kinyume. Angekuwa peke yake, habari yake ingeishia pale alipoanguka. Wangekuwa wawili, mwenzake angelazimika kuchagua: abaki naye bila msaada kuja, au amwache gizani na jeraha la kichwa. Mtu wa tatu ndiye aliyeondoa uchaguzi huo mgumu. Wa nne angempa mleta habari mtu wa kupanda naye.

Mahali ambapo wingi hausaidii

Hadi hapa kundi linashinda. Sasa tutazame upande wa pili, kwa sababu ndiko watu wengi hujidanganya. Kundi hukinga ajali ya mtu mmoja. Haliwezi kukinga jambo linalowapata wote kwa pamoja, na mapango yana mambo matatu ya namna hiyo.

La kwanza ni maji. Mapango mengi ya chokaa yalichimbwa na maji, na mvua ikinyesha maji hurudi kwenye njia zake. Mvua haihitaji kunyesha juu ya pango. Inaweza kunyesha milimani, mbali, huku mdomoni mwa pango jua likiwaka. Tarehe 23 Juni 2018, kaskazini mwa Thailand, vijana 12 wa timu ya mpira wenye umri wa miaka 11 hadi 16 na kocha wao msaidizi waliingia pango la Tham Luang baada ya mazoezi. Walikuwa 13, wenye afya, wanaofahamiana, na waliwahi kuingia pango hilo kabla. Walikusudia kukaa saa moja tu. Mvua ikanyesha, maji yakaziba njia nyuma yao, na wakakaa siku tisa kabla ya wazamiaji kuwafikia, kilomita nne hivi kutoka mdomoni. Walitolewa wote wakiwa hai kati ya tarehe 8 na 10 Julai. Mzamiaji Saman Kunan, aliyejitolea kupeleka mitungi ya hewa, alifia humo tarehe 6 Julai.

Umoja wao uliwasaidia kuvumilia. Walikaa pamoja, walikunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye mwamba, na kocha aliwatuliza. Lakini wingi wao haukuzuia maji hata kidogo.

La pili ni hewa. Katika mashimo ya chini ya pango, hasa penye majani yaliyooza, mizizi au kinyesi kingi cha popo, huweza kukusanyika hewa ukaa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama chini kama maji kwenye bakuli, na haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kuhema haraka bila kufanya kazi ngumu, kichwa kuuma na kizunguzungu. Wengi wetu tunajua msiba wa aina hii kutoka kwenye visima na mashimo ya choo. Mmoja anashuka na kuanguka, wa pili anashuka kumtoa na kuanguka, wa tatu anafuata. Hapo kundi halikuokoa mtu. Kundi ndilo lililoongeza maiti. Wazee walitumia mshumaa kupima hewa. Moto ukififia au ukizimika, tokeni mara moja. Lakini moto kuendelea kuwaka si uthibitisho kwamba hewa ni salama, kwa hiyo dalili za mwili zisipuuzwe.

La tatu ni popo. Si kila popo ana ugonjwa, na popo wana faida kubwa kwa mashamba yetu. Lakini popo wala matunda wa aina fulani, wanaoishi kwa maelfu katika mapango na migodi ya Afrika, hubeba virusi vya Marburg. Watu wawili waliougua Marburg nchini Kenya, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikuwa wametembelea Pango la Kitum katika Mlima Elgon, na wote walifariki. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi aliugua na kufariki baada ya kuingia pango lenye popo na chatu katika msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Hakuwa peke yake katika safari ile. Mwaka 2024 Rwanda ilipopata mlipuko wa Marburg, chanzo kilihusishwa na mgodi wenye popo wala matunda. Mkoa wa Kagera nchini Tanzania umepata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2023 na 2025. Mbali na virusi, vumbi la kinyesi kikavu cha popo huweza kuwa na kuvu wanaoshambulia mapafu.

Hapa ushauri si kuwa wengi. Ni kutoingia kabisa mahali penye popo wengi, na anayelazimika kwa kazi azibe pua na mdomo, avae glavu na nguo ndefu, asishike popo wala kuwala, na anawe kwa sabuni akitoka. Aliyeingia kisha akapata homa ndani ya siku 21 amwambie mhudumu wa afya waziwazi: "Niliingia pangoni." Neno hilo moja linaweza kumlinda mgonjwa, familia yake na mhudumu mwenyewe.

Mtu asiyeingia

Tuwarudie vijana wa Thailand, kwa sababu kuna jambo watu wengi walilisahau katika kisa kile. Nani aligundua kwamba wamekwama?

Jioni ile wazazi walianza kumpigia simu kocha mkuu kuuliza watoto wao wako wapi. Kocha akampata mchezaji mmoja aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya mazoezi. Kijana huyo alijua wenzake wamekwenda pangoni, akasema. Kocha akaenda, akakuta baiskeli na mifuko mdomoni mwa pango, na maji yakitiririka. Usiku uleule msako ukaanza.

Fikiria kama wote wangeingia, pamoja na yule mmoja. Wazazi wangetafuta kwenye mto, barabarani na kwa marafiki. Siku moja au mbili zingepita kabla mtu hajapita karibu na pango na kuona baiskeli. Mtoto mmoja aliyekwenda zake nyumbani, akijua wenzake wako wapi, alifanya kazi ambayo wale 13 waliokuwa ndani wasingeweza kuifanya.

Huyo ndiye tunayemwita mtu wa nje. Kwa lugha yetu kazi yake ina jina la zamani: kuagwa. Mtu mwenye adabu haondoki nyumbani bila kuaga. Katika mapango mengi ya pwani yanayotumiwa kwa matambiko, desturi ni kwamba huingii bila kumwona kwanza mzee anayelitunza pango. Wapo wanaoona hiyo ni imani tu. Lakini tazama kinachofanyika: kuna mtu mzima mmoja kijijini anayejua nani ameingia, lini, na kama ametoka. Hata asiyeamini mizimu ana sababu ya kuiheshimu desturi hiyo.

Siku hizi simu imerahisisha kuaga, lakini pia imetudanganya. Pangoni hakuna mtandao. Hatua chache tu ndani, simu haipigi wala haipokei. Tochi ya simu hula betri, na simu ikianguka majini umepoteza taa na mawasiliano kwa pamoja. Kwa hiyo simu haihesabiwi kama mwenzako, wala haihesabiwi kama taa yako ya kwanza. Faida yake iko nje ya pango, kabla hujaingia. Tuma ujumbe kama huu kwa mtu ambaye una hakika atausoma:

"Tunaingia pango la karibu na mto, watu wanne, saa nne asubuhi. Tutatoka saa saba mchana. Nisipokupigia mpaka saa tisa, waite watu."

Ujumbe huo una mambo manne: mahali, idadi, saa ya kutoka, na saa ya kuanza kutafutwa. Mpigie pia akujibu, maana ujumbe usiosomwa ni sawa na kutoaga. Na ukitoka, mjulishe kabla hujala wala kuoga. Ukimsahau mara moja akahangaika bure, mara ya pili atasita, na kusita huko kunaweza kumgharimu mtu maisha.

Kundi ambalo si kundi

Watu wanane wenye tochi moja hawana nguvu ya watu wanane. Ni tochi moja na watu wanane wanaoitegemea. Kundi huwa kundi kwa vitu vichache, na vingi havihitaji fedha.

Kila mtu awe na taa yake mwenyewe, na ya akiba. Wazoefu hubeba taa tatu kila mmoja. Ugawe mwanga wako mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya dharura. Theluthi ya kwanza ikiisha, mmefika mwisho wa safari hata kama mbele panavutia.

Mwendo uwe wa yule aliye mpole kuliko wote. Ajali nyingi za vikundi huanza pale wenye nguvu wanapotangulia na mmoja anabaki nyuma. Kuanzia hapo mna mtu aliye peke yake pangoni, ingawa mliingia kumi. Mtu mzoefu atangulie, mzoefu mwingine awe wa mwisho, na mhesabiane kila kona.

Mtu yeyote akisema turudi, mrudi. Asichekwe wala asiulizwe kama ni mwoga. Jambo hili ni gumu kwa vijana kuliko kubeba kamba, kwa sababu mbele ya wenzake kijana huona aibu kuwa wa kwanza kusema ameogopa. Mtu aliye peke yake husikiliza hofu yake, na mara nyingi hofu hiyo humwokoa. Kundi huizima hofu ya kila mmoja kwa kutazama utulivu wa uongo wa wengine. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mtu wa peke yake analizidi kundi, na kundi lenye busara hujifunza kwake.

Zaidi ya hayo, vaeni kofia ngumu, hata ile ya mafundi ujenzi, na viatu visivyoteleza. Kila mnapofika njia panda geukeni nyuma mtazame itakavyoonekana mnaporudi, na muweke mawe machache yaliyopangwa kama alama. Msiingie msimu wa mvua, wala siku yenye mawingu upande wa milimani. Msishuke shimo ambalo hamna hakika ya kulipanda.

Mwenzenu asiporudi

Wewe unayesoma hapa huenda hutaingia pangoni kamwe. Lakini huenda ukawa mtu wa nje: mama, mke, jirani au mwenyekiti wa kijiji. Saa iliyotajwa ikipita, fanya hivi.

Usikimbilie ndani. Msukumo wa kwanza wa mtu mwenye upendo ni kuingia kumtafuta, na hivyo ndivyo mtu mmoja aliyepotea anavyokuwa watu watatu. Nenda mdomoni mwa pango, tazama kama kuna viatu, baiskeli au begi, ita kwa sauti kisha nyamaza usikilize. Washa taa au moto hapo nje, mahali moshi hautaingia pangoni, ili anayetoka auone mwanga. Piga simu mapema badala ya kusubiri kupambazuke. Tanzania, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya polisi ni 112. Kenya, piga 999 au 112. Mtafute pia anayelijua pango hilo, awe mwongozaji, mchimba mbolea au mzee wake.

Na wewe uliyepotea ndani, ukijua kuna mtu nje anayekuhesabia saa, kazi yako ni nyepesi: kaa palepale pakavu palipoinuka, zima taa uhifadhi betri, jifunike, na usikilize. Anayejua kwamba anatafutwa anaweza kukaa. Asiyemwaga mtu hulazimika kuzunguka gizani, kwa sababu anajua hakuna atakayekuja.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Peke yako, usiingie. Na wenzako, ingieni mkiwa wanne au zaidi, kila mtu na taa yake, mkijua kwamba wingi wenu hauzuii maji, hewa mbaya wala ugonjwa. Na iwe peke yako au na wenzako, hata kama ni kumfuata mbuzi tu na unadhani utatumia dakika tano, aga kwanza.